Usituandikie Tena Habari za Mpaka

Kerenge,
Wilaya ya Korogwe,
Tanga.

9 Juni, 1979.

Mpendwa Shemeji Hiza,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu wewe ni mkubwa wa mume wangu na adabu nilifundishwa, ingawa ukifika katikati ya barua hii huenda ukasema imenitoka. Hujambo huko Mombasa? Bi Mwanaidi mkeo hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo aliyekuwa akibanwa na kifua wakati wa mvua, amepata nafuu? Tunamwombea, na Mama humtaja kwa jina kila anapomaliza kuswali.

Sisi hapa ni wazima. Mhina ndugu yako yu mzima ila amekonda, na akiulizwa anasema ni kazi. Watoto wetu wanne wote wanakwenda shule. Masika imetosha, mahindi yamebeba vizuri, na mbuzi yule mwekundu amezaa pacha. Habari za Mama nimeziweka mbele kidogo. Usiruke kuzitafuta, soma kwa mpango nilioandika. Habari njema nimezimaliza hapa hapa juu, maana huko chini hakuna nyingine.

Nimekasirika, shemeji. Sitazunguka. Hasira hii ninayo tangu Februari, nasonga nayo ugali, napanda nayo mlimani, narudi nayo. Mhina hajui kwamba nakuandikia. Stempu nimenunua mwenyewe, kwa mayai ya kuku wangu, ili mtu asije akasema nimetumia cha mume kumtukania kaka yake. Wala sikutukani. Nakueleza ulichofanya, kwa sababu nina hakika hukijui.

Barua zako hapa nyumbani mimi ndiye ninayezisoma. Hilo unalijua, maana wewe ndiye uliyepelekwa shule na marehemu baba yenu, na Mhina akaachiwa jembe. Ikifika barua yako anakaa kwenye kigoda, Mama anakaa mkekani, mimi nasimama mlangoni penye mwanga nasoma. Nikimaliza naambiwa nirudie, hasa pale penye salamu za Mama. Kwa hiyo kila ulichowaahidi watu hawa kilipita kinywani mwangu kwanza. Kama ni uongo, waliusikia kwa sauti yangu.

Sasa turudi Septemba mwaka jana. Rais wenu mzee alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Na sisi tulisikia kwenye redio ya Mwenyekiti wa kijiji, tukasikitika kama majirani wanavyosikitika. Barua yako ikaja, kurasa nne. Ukasema rais mpya ni mtu wa ibada, hana kisa na mtu, ugomvi uliofunga mpaka ulikuwa wa wakubwa wa zamani na sasa umezikwa. Ukasema Mombasa nzima inajua kwamba kabla ya Mwaka Mpya njia itafunguliwa na malori yatateremka tena Korogwe kama zamani. Kisha ukaandika maneno haya, ninayo hapa mbele yangu: “Iliki ya msimu huu msiipeleke kwenye mizani ya kijiji. Ishikeni. Nitakuja na lori niichukue mwenyewe.”

Ishikeni! Ulikuwa umekaa wapi ulipoandika neno hilo? Nadhani ulikuwa kwenye meza yako sokoni, una kikombe cha kahawa kando, na viungo vya watu wengine vimekuzunguka ndani ya makopo. Ulikuwa hujaonja mgongo wa mtu anayevuna iliki kwa miaka ishirini na zaidi.

Nikukumbushe. Iliki huzaa chini, kwenye shina, ndani ya kivuli cha miti. Mtu anainama asubuhi na ananyooka mchana, anachuma punje moja moja kwa vidole, na siafu wanamla miguu. Zamani nyumba yenu ilikuwa hukohuko juu, mnachuma na kuanika uani. Tangu Operesheni ya mwaka sabini na nne tumehamishiwa huku chini barabarani, kijijini, na shamba limebaki kulekule. Ni mwendo wa saa moja na nusu kupanda, na kuteremka na mzigo kichwani. Kibanda cha kukaushia alichokijenga baba yenu kilianguka, hakuna wa kulala humo kukilinda. Sasa tunateremka na iliki mbichi, tunaianika kwenye majamvi mbele ya mlango, tunaigeuza, mvua ikipiga tunaikimbiza ndani, na ikikauka tu inakwenda kwenye mizani. Haijawahi kumaliza mwezi ndani ya nyumba ya mtu yeyote hapa.

Mhina alikuwa na mashaka. Mama Mwaija hakuwa na mashaka hata kidogo, alisema tupeleke mizani. Alisema, “Hiza ni mwanangu, lakini Hiza si serikali.” Maneno hayo ningeyasikiliza nisingekuwa naandika barua hii leo. Aliyemwambia Mhina tuishike ni mimi. Ndiyo, mimi. Nilisema kaka yako yuko mjini, anasikia tusiyoyasikia, hawezi kutudanganya. Kwa hiyo hasira hii usidhani yote ni yako. Sehemu yake najilisha mwenyewe kila siku.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi sikuwa na haki ya kuamini. Nimezaliwa katikati ya mkonge, karibu na Kabuku. Baba yangu, marehemu Mzee Kibwana, alikata mkonge tangu enzi za Mwingereza, matita kwa matita, mpaka mikono ikawa ngumu kama kwato. Mwaka wa Uhuru nilikuwa msichana mkubwa. Kambini ngoma ililia siku tatu. Baba akatukalisha chini akatuambia mkubwa wa nchi sasa ni wetu, kwa hiyo na bei ya katani tutaipanga sisi. Haikupita miaka minne bei ikaanguka vibaya. Watu waliokuwa wakinunua katani yetu huko Ulaya walikuwa wamepata kamba za nailoni, na bendera yetu mpya haikuwahusu. Wakataji wakapunguzwa, baba akiwa mmoja wao, akarudi Handeni kulima mahindi kwenye ardhi ambayo mvua inaikumbuka ikipenda.

Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Kiongozi alibadilika, mnunuzi hakubadilika, na aliyelala njaa ni mkataji. Sasa mtu aliyeyaona hayo, akapewa kurasa nne na shemeji yake, akaamini tena! Niliamini kwa sababu nilitaka. Mabati ya nyumba ya Mama ndiyo yaliyokuwa yakisubiri iliki hiyo. Lakini niliamini pia kwa sababu unaandika vizuri, Hiza. Mungu alikupa mkono mzuri wa kuandika, ukautumia kutusimulia mambo ya kusikia sokoni kama kwamba umeyatoa Ikulu.

Tukaishika. Na hapa nakiri kosa ambalo ni langu, wala sikusukumii wewe. Sisi Wazigua tumezoea miaka ya njaa. Kwetu Handeni mtoto wa kike anajua kuweka chakula kabla hajajua kukipika. Mahindi tunayapandisha darini juu ya mafiga, moshi unayapiga kila siku, mdudu hayagusi, na ukiyateremsha mwaka wa pili bado ni mahindi. Nikasema iliki tuipandishe darini. Magunia matatu, yamejaa, nimeyashona mdomo mwenyewe kwa uzi wa katani. Mhina akauliza kama moshi hautaidhuru. Nikamjibu kwa kiburi kwamba nyinyi wa milimani mnajua kuchuma tu, kuweka tuachieni sisi. Akacheka, akapanda ngazi, nikampa gunia moja baada ya jingine.

Desemba ikapita. Ukatuma kadi ya salamu, na ndani yake maneno mawili: “Bado kidogo.” Januari ikapita. Huku kwetu vita na Uganda ilikuwa imeshaingia, malori yamekwenda Kagera, vijana wetu watatu wa kijiji wamekwenda nayo. Madukani sabuni hakuna, tunafua kwa majani ya mpapai, sukari kwa kibali. Kila gari lililopita barabarani Mhina alitoka kuliangalia. Kila gari, shemeji. Hata trekta.

Februari, siku ya mizani, nikamwambia Mhina tukubali, tuteremshe magunia. Tulipoyafungua nilijua kabla sijaingiza mkono. Iliki iliyokuwa ya kijani kama jani la chai ilikuwa imegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, na harufu ilikuwa ya jikoni. Vuli ilikuwa imeingiza unyevu, moshi ukaingia na unyevu huo mpaka ndani ya punje. Tukaipeleka hivyo hivyo, maana ungefanyaje. Fransisko, karani wa mizani, akavunja punje moja, akainusa, akanitazama. “Mama,” akasema, “hii Waarabu watie kwenye kahawa, au watie kwenye kiko?” Watu kwenye foleni wakacheka. Simlaumu Fransisko, alisema kweli, na aliporudisha magunia aliyarudisha kwa upole. Lakini nilimwona Mhina alivyoyabeba kurudi nyumbani, mbele ya watu wote, gunia moja moja, safari tatu, hataki mtu amsaidie.

Mpaka leo hajanilaumu. Angenifokea ningepona. Magunia ameyaweka pembeni mwa chumba tunacholala, nayaona nikifumbua macho.

Sasa habari za Mama. Paa lake ni lilelile la nyasi, na masika imelipita ikaingia ndani. Tulimhamishia kwetu mwezi wa Aprili baada ya kumkuta amekaa kitandani amejifunika jamvi la kuanikia iliki, analinda nguo zako za utoto zisilowe. Amekohoa mwezi mzima. Hivi sasa anakula vizuri na kikohozi kimepungua, ila akipanda kilima kidogo anakaa chini. Amekataza nisikuandikie kwamba aliugua. Nimemtii mambo mengi mama mkwe huyu, hili nimekataa.

Umeona basi neno moja lilivyotembea? Wewe ulisema ishikeni, Mhina akashika, mimi nikapandisha darini, na mvua ikamnyeshea Mama kitandani.

Ninajua utasema hukujua. Utasema kila mtu Mombasa alikuwa akisema. Hilo ndilo linalonichoma. Nyinyi wafanyabiashara mnadhani rais ni kama mwenye duka: mzee akifariki, mtoto anafungua mlango asubuhi anapanga bei upya. Huyo mpya wenu alipoketi kitini aliikuta Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, ndege na mabehewa bado yanagombewa, kila upande unasema umeibiwa. Hata awe mtu wa ibada namna gani, ataamka siku moja na kusema basi tumesamehe, leteni iliki? Na wa kwetu nao walishasema waliyoyasema, watayameza vipi? Ugomvi wenyewe uliletwa na wakubwa wa pande zote mbili, mpaka ukafungwa siku moja, bila kumuuliza mtu wa Kerenge ndani ya gunia lake mna nini. Ukifunguliwa pia hawatamuuliza. Kama barua hii itafunguliwa njiani, na ifunguliwe, waisome. Sijamtukana mtu, nimesema lililonipata.

Siwaambii nyinyi msiwe na matumaini. Mtu akikaa ng’ambo ya mpaka uliofungwa, mama yake yuko upande wa pili, atatumaini, atafanyaje? Ningekuwa wewe nami ningekesha na redio. Lakini matumaini yako ungeyaweka kwako, kwenye duka lako, kwa mali yako. Ungetuandikia “natumaini.” Hukuandika “natumaini” hata mara moja, nimetafuta kwenye barua zote. Uliandika “itakuwa.”

Nafika sasa kwenye barua yako ya mwisho, iliyotufikia tarehe ishirini na nane mwezi uliopita. Shemeji, nilipoona bahasha yako nilifurahi. Nilisema labda amepata barua ya Mhina niliyomwandikia Machi, iliyokueleza yote ya moshi na ya mizani, labda leo anasema pole. Mama alikuwa mkekani anachambua mchicha. Mhina akavuta kigoda. Nikasimama pangu mlangoni nikaanza.

Ukurasa wa kwanza ni salamu. Wa pili ni watoto na shule, nao nilisoma vizuri tu, Mama akacheka mahali. Nikageuza wa tatu, macho yakanitangulia.

Umeandika kwamba Uganda nao sasa wamepata serikali mpya. Umeandika kwamba yule mharibifu ameondoka, wakuu watatu watakaa meza moja, Jumuiya itafufuka, na kabla ya Agosti mpaka utakuwa wazi. Ni maneno yaleyale ya Septemba, umebadilisha nchi tu! Halafu ukaendelea kwamba kama Mhina hana subira, apite na magunia kwa bonde la Umba, huko mpakani, siku ya gulio askari wanakuwa wachache, na mtu wako atamngoja upande wa pili. Na ukaongeza, usinikatalie, karatasi ninayo: “Ile iliyoingia moshi nitaisaga nichanganye na tangawizi, hakuna atakayejua.”

Kwa hiyo hiyo ndiyo pole yetu. Iliki yangu imekufa, na wewe umepata njia ya kuiuza. Sikutaka kufikiri kwamba ulipotuambia tushike ulikuwa unajifikiria wewe na makopo yako. Nilijizuia miezi minne. Lakini ukurasa huo wa tatu umenifanya nifikiri hivyo, na sasa imebaki kazi yako kunitoa mawazo hayo.

Unamjua Ponsiano, jirani yetu, mliyekuwa mkitega naye ndege? Machi alifuata njia hiyohiyo ya Umba na magunia mawili. Naye alikuwa ameambiwa na mtu kwamba askari ni wachache. Walikuwepo wa kutosha. Mpaka leo yuko mahabusu mjini, anaitwa mlanguzi, na Lea mkewe anakwenda kila wiki na kikapu cha chakula na mtoto mgongoni, mara nyingine anarudi na kikapu kama kilivyokwenda. Shamba lao la iliki nyani wanalichezea. Nimekwenda kumsaidia kulipalilia mara mbili. 

Sina haja ya kukuambia kwamba Mhina angekwenda. Unamjua. Wewe ni kaka yake mkubwa, baba hayupo, neno lako kwake ni neno la baba. Paa la Mama linamla moyoni, na magunia yale analala nayo. Ningesoma mistari ile sita kwa sauti, asubuhi yake angekuwa njiani.

Sikuisoma.

Nilikohoa, nikajifanya nimepoteza mstari, nikaweka ukurasa wa tatu nyuma ya wa nne, nikasoma salamu za mwisho. Mhina akauliza, “Hakusema kitu cha mpaka?” Nikamjibu, “Hakusema.” Akasema haya, akainuka akaenda kufunga mbuzi. Mama Mwaija hakuinuka. Alinitazama, akatazama karatasi nilizoshika, akaendelea na mchicha wake. Yule mama hajui kusoma, lakini kurasa anajua kuhesabu.

Nimeolewa na Mhina mwaka wa kumi na tano sasa. Tumegombana kuhusu mbuzi, kuhusu ndugu, kuhusu hilo dari. Sikuwahi kumwambia uongo. Huo ndio wa kwanza, na nimeusema kwa barua yako mkononi. Kila akinipa sahani nauona. Hilo sitakusamehe haraka, shemeji, ujue mapema.

Na ngoja nikuambie kwa nini siwezi kukaa kimya tu nikangoja lipite. Mhina anasoma. Amejiunga na darasa la watu wazima, kwa Mwalimu Justa, kila jioni baada ya shamba. Alianza kwa aibu, anaficha kitabu ndani ya shati. Sasa yuko kitabu cha tatu. Juzi alisimama mbele ya yale magunia akasoma maandishi yaliyochapwa ubavuni, herufi moja moja, mpaka akamaliza, akageuka kunitazama kama kijana aliyeposa akakubaliwa. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka tangu Februari. Nikacheka naye, halafu nikatoka nje nikalia.

Barua zako zote anazihifadhi kwenye mkebe wa biskuti, tangu ya kwanza ya mwaka hamsini na nane. Anasema akimaliza kitabu cha nne atazisoma zote mwenyewe, kwa mpangilio, asisomewe na mtu. Mwalimu Justa anasema kufikia Agosti ataweza. Ukurasa wa tatu uko humo mkebeni. Nimeushika mara mbili mbele ya moto nikashindwa. Uongo mmoja unanitosha, sitauongezea wizi.

Sikuombi lori, shemeji, wala mabati. Mabati tutayatafuta, mavuno mapya yakianza yanakwenda mizani siku yatakapokauka, nimeapa mbele ya Mama. Ninachokuomba ni barua. Mwandikie ndugu yako kwamba ulimwita apite Umba na kwamba umefuta, asije. Mwandikie kwamba hujui mpaka utafunguliwa lini, na kwamba hakuna anayejua. Mwambie iliki iliyoharibika iliharibika pia kwa sababu ya neno lako, asiibebe peke yake. Na mwambie kwamba mkewe alimficha ukurasa, na sababu yake. Mimi nimejaribu kumwambia mara tatu, nafungua mdomo na kinachotoka ni habari za mbuzi.

Rais wenu akibadilika tena, au wetu, au wa Uganda, utuandikie kwamba amebadilika. Tutafurahi kujua. Ila cha kufanya na mavuno yetu tuachie sisi tulioinama kuyachuma.

Mama Mwaija anakusalimu sana, anasema umpe mtoto wa mwisho busu kwa niaba yake na umpake mafuta ya nazi kifuani. Lea wa Ponsiano anakusalimu. Yeye hakujui vizuri, lakini aliniona nikiandika akasema nikusalimu. Watoto wote wanawaamkia wewe na Bi Mwanaidi. Msalimie sana Bi Mwanaidi, mwambie kitenge alichonipa mwaka wa sabini na sita bado nakivaa sikukuu. Mungu awalinde nyumbani mwenu, awape riziki isiyowalazimu kumdanganya mtu, na atukutanishe Mama angali anaona vizuri.

Barua hiyo usiiandike kwa mwandiko wako mzuri wa kuunganisha. Andika kwa herufi kubwa zilizoachana, mistari michache, maneno mafupi. Ikifika nitampa mkononi ikiwa imefungwa, nami nitatoka nje.

Ni mimi mke wa mdogo wako, niliyekasirika na ambaye bado nakuhesabu ndugu,

Mwantumu Kibwana